Dogo kaimba 'Sitakusahau', mama kasikia 'Nitakusahau'!

  Wiki hii sina habari ya foleni ya Mwenge wala ya bajaji zinazotukata miguu hapa Shoppers. Nina habari ya wimbo. Wimbo mmoja tu wa dakika nne na nusu, ambao nusura umtenganishe mtoto na mama yake mzazi, na mimi, kwa bahati yangu mbaya, ndiye niliyeitwa kusuluhisha.

Wengi wenu mkisikia Mikocheni mnadhani sote huku tuna mageti ya umeme na mbwa wanaokula nyama kuliko watu. Mnatuonea bwana! Nyuma ya mageti hayo kuna vyumba vya uani, kuna vibanda vya chipsi, kuna mama ntilie, na kuna vijana wa kila namna wanaosaka riziki. Mmoja wao ni fundi friji anayepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ananiita anko, nami namwita dogo, ingawa ndevu anazo. Mchana anabeba mtungi wa gesi, usiku anaandika mashairi kwenye daftari la kaunta buku. Si ajabu, maana mtaa wetu ni mtaa wa maikrofoni. Radio One na ITV zilianza kupiga kelele zao hapa hapa Mikocheni mwaka 1994, na tangu hapo kila mwenye koo anajiona mwimbaji.

Baba wa dogo alishatangulia mbele ya haki zamani. Aliyemlea ni mama yake, anakaa Mbagala, na aliyemsomesha ni vitumbua. Nasema vitumbua, sisemi mshahara. Kila alfajiri mama huyo aliwasha jiko kabla jogoo hajakohoa, na kila kitumbua kilichoiva kilikuwa ada, daftari, viatu. Dogo hajasahau. Kwa hiyo alipopata hela ya kuingia studio, hakuimba mapenzi wala majigambo. Alimwimbia mama. Wimbo akauita 'Sitakusahau'.

Sasa hapo ndipo mkasa unapoanza. Studio aliyokwenda sitaitaja, maana sina hela ya wakili. Produsa akamuuliza, "Mdogo wangu, unataka ya kawaida au unataka ya kushiba?" Hebu nambie, msomaji, nani aliyeweka akiba ya miezi mitatu akaenda kuomba ya kawaida? Dogo akataka ya kushiba. Akashibishwa kweli. Zikatiwa ngoma za kompyuta, zikatiwa vayolini za kinanda, filimbi, kengele, gita lisilojulikana limetoka wapi, kisha sauti ya dogo mwenyewe ikarudiwa mara kumi na kitu mpaka ikawa kwaya ya kanisa zima. Juu ya yote hayo wakamwagia mwangwi, ukidhani mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Pale studio, kwenye spika kubwa kama kabati, wimbo ulinguruma bomba kabisa. Dogo alitoka akitembea juu juu.

Jumapili akapanda daladala mpaka Mbagala na flashi mfukoni. Mama kakaa mkekani, majirani wakaitwa, flashi ikachomekwa kwenye kile kiredio chenye spika ya ukubwa wa sahani ya chai. Wimbo ukapigwa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Asante mwanangu, umeimba." Pilau likaliwa, dogo akarudi zake Mikocheni moyo kwatu.

Mwisho wa mwezi akamtumia mama hela kwa simu kama kawaida yake. Hela ikarudi. Akatuma tena, ikarudi tena. Akapiga simu, mama akamjibu kwa upole, "Zikae tu huko huko, baba. Utazihitaji mwenyewe." Mwezi wa pili vivyo hivyo. Dogo akachanganyikiwa, mpaka mdogo wake wa kike akatoboa siri: mama analia usiku. Anauliza kamkosea nini mwanawe hata amwimbie mbele ya majirani wote kwamba atamsahau.

Atamsahau! Dogo kanijia usiku ule ule, hata viatu kavaa vya mguu mmoja mmoja. "Anko, mimi nimeimba si-ta-ku-sa-ha-u! Mama kasikia nini?"

Nikamwambia tulia, lete huo wimbo. Tukaupiga kwenye kiredio changu cha jikoni, ambacho ni ndugu wa kile cha Mbagala. Mama watoto alikuwa anakaanga samaki, hajui kisa wala mkasa. Wimbo ulipokwisha nikamuuliza, "Mama nanihii, kijana anasemaje hapo?" Akajibu bila hata kugeuka, "Si anasema nitakusahau? Tena karudia mara nane, hana hata haya."

Dogo kajikalia chini, kashika kichwa.

Sasa, msomaji wangu, mimi si fundi mitambo, lakini nimekaa na mafundi mitambo vya kutosha, na jambo hili lina sababu zake. Sikiliza herufi 's' unapoitamka. Si sauti ya koo ile, ni upepo tu unaopita kwenye meno, tssss. Na vile visahani vya drams vinavyogongwa tsi-tsi-tsi mwanzo mpaka mwisho wa wimbo, navyo ni tssss ile ile. Sauti mbili za aina moja zikikutana, kubwa inaimeza ndogo. Wimbo wa dogo ulikuwa na visahani viwili vya kompyuta, tena kimoja kinagonga pale pale neno linapoanzia. Kwa hiyo 's' ikamezwa, ikabaki '-itakusahau'. Na sikio la binadamu halipendi neno pungufu, likipewa nusu hujaza lenyewe. Mama akajaza 'n'. Wewe pia ungejaza 'n'.

Kiswahili chetu nacho hakisamehi. Silabi moja tu ndiyo iliyosimama kati ya ahadi na usaliti: si, ni. Silabi moja tu kati ya ninakupenda na nilikupenda, na hapo ndoa inaweza kuvunjika! Na kwa kuwa silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, ukizitia mwangwi mwingi ile 'a' ya kwanza inamwagikia ya pili, ya pili inamwagikia ya tatu, inakuwa uji. Halafu ongeza kiredio kidogo. Lile besi lililokuwa linatikisa kuta studio, kiredio hakiwezi kulitoa kabisa. Kinachobaki ni zile sauti za kati na za juu: vayolini, kengele, visahani na sauti ya mwimbaji, wote wanagombea mlango mmoja kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mwenye sauti nyembamba anabaki kituoni.

Kesho yake nikampeleka dogo kwa mzee mmoja wa Mikocheni B, aliyekuwa mpiga gita katika bendi moja enzi zile. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, karibuni kahawa. Tukamsikilizisha. Mzee kacheka mpaka kikohozi. "Kijana wangu," akasema, "umekaribisha wageni arobaini nyumbani, mwenye nyumba kakosa kiti."

Halafu akatuhadithia walivyokuwa wakirekodi Radio Tanzania, ambayo siku hizi ni TBC, pale Barabara ya Pugu, sasa Barabara ya Nyerere. Bendi nzima inaingia chumbani, maikrofoni chache, mkanda unazunguka, mnapiga wote kwa pamoja. Tarumbeta akikosea noti moja dakika ya mwisho, mnarudi mwanzo, na wote mnamwangalia kwa jicho baya. Hakuna kuongeza kitu baadaye. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla, kwenye mazoezi. Nani apige wapi, nani anyamaze wapi. "Kunyamaza," mzee akakaza, "ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga. Siku hizi kompyuta haichoki, basi hata mtu hanyamazi."

Maneno yale yamenikaa. Maana ukiutazama muziki wetu vizuri utaona kwamba umaarufu wa nyimbo nyingi haukutokana na wingi wa vitu. Chukua 'Sina Makosa' ya Les Wanyika, bendi iliyochomoka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978 kule Nairobi. Kuna nini mle ndani? Magita, besi, drams na sauti za watu, basi. Hakuna tarumbeta wala vayolini. Lakini lile gita la ridhimu likianza tu, mzee wa miaka sabini anaweka fimbo chini, na mtoto aliyezaliwa juzi anauliza, "Babu, huu wimbo wa nani?" Afrika Mashariki nzima inaujua, na kila neno linasikika hata kwenye redio ya mlinzi.

Rudi nyuma zaidi. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa na wapigaji wachache tu, udi, fidla, kidumbaki. Mashine zenyewe za wakati ule hazikuwa na hila yoyote. Unaimba, sindano inachora. Alichokuwa nacho Siti ni maneno na koo, na maneno yale yalitembea pwani yote, hata Shaaban Robert akaona vema amwandikie kitabu kizima cha wasifu wake.

Lakini subirini kwanza! Naona wale wapenzi wa mambo mazito wameshaanza kunikunjia uso. Msinifanye mshamba anayetaka kila wimbo upigwe na gita moja chini ya mwembe. Hapana. Chukua Sikinde, DDC Mlimani Park Orchestra, walioanza mwaka 1978. Pale magita yanasukana kama ukili, juu yake kuna saksafoni na tarumbeta, na waimbaji kundi zima. Hiyo ni kawaida? Si kawaida hata kidogo, ni sherehe! Lakini mbona habari ya wimbo unaielewa kutoka neno la kwanza hadi la mwisho? Kwa sababu mwimbaji anaposema, tarumbeta zinamsikiliza. Akimaliza ubeti, ndipo zinajibu. Ni adabu ya barazani: mmoja anasema, wengine wanangoja zamu.

Na taarab je? Wale Nadi Ikhwani Safaa wa Unguja, ambao historia yao inaanzia mwaka 1905, wakijipanga jukwaani na vayolini, kanuni, udi na akodiani, utadhani harusi ya sultani. Lakini chunguza: lile kundi lote linamiminika kwenye nafasi kati ya mshororo na mshororo. Mwimbaji akifungua kinywa, vyombo vinainama. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuja kusikia maneno. Fumbo likipotea, umbea umepotea, na taarab bila fumbo ni kelele za kulipia.

Kwa hiyo suala si vichache au vingi. Suala ni nani bwana mle ndani. Tazama jirani yetu marehemu Remmy Ongala, wa upande wa pili wa barabara hapo Sinza, mpaka leo makondakta wanaita 'Sinza kwa Remmy' ingawa alitutoka mwaka 2010. Yeye na Super Matimila walitoka huku kwenye mitambo yetu ya kuhesabu, wakaenda kurekodi Real World, studio ya Peter Gabriel kule Uingereza, wakatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989. Mitambo yote ya dunia ilikuwa pale. Wangeweza kutiwa vayolini mpaka wakapotea. Lakini sikiliza, magita bado yanapishana kama ya ukumbi wa Dar, na sauti ya Remmy iko mbele, inamsemea mnyonge, hakuna aliyekaa mbele yake.

Lebo hiyo hiyo ilimrekodi marehemu Dk. Hukwe Zawose, Mgogo wetu wa Bagamoyo. Mwaka 1996 ikatoka Chibite, ilimba na zeze na sauti kama zilivyo. Miaka michache baadaye, kabla hajafariki mwaka 2003, akafanya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gita wa Kanada, na humo mna magita na mitambo ya studio. Mimi ninazo zote mbili. Ya pili naipenda nikiwa na wageni. Ya kwanza naisikiliza peke yangu, na naomba nisiulizwe kwa nini macho yanakuwa mekundu.

Wala msidhani ni ugomvi wa Waswahili peke yao. Beatles walipotoa Let It Be mwaka 1970, produsa Phil Spector aliutia wimbo wa Paul McCartney, The Long and Winding Road, vayolini na kwaya. McCartney alinuna, na hakuficha. Miaka 33 ikapita, na mwaka 2003 ikatolewa upya albamu ile bila mapambo yale, wakaiita Naked, yaani uchi! Kama Beatles wanaweza kununa miaka 33 kwa sababu ya vayolini, mama wa Mbagala ana haki ya kununa miezi miwili.

Sasa turudi kwa dogo wetu. Hela ya kurudi studio hana. Mzee akasema, "Studio ya nini? Nyumba ipo, simu ipo." Basi Alhamisi usiku wakaja sebuleni kwangu. Tukazima friji (fundi friji mwenyewe ndiye aliyekumbuka kwamba linanguruma), tukazima feni, tukatundika mablanketi mawili dirishani. Mama watoto akawafukuza watoto wakalale. Mzee akaketi kwenye kiti cha chakula na gita lake lililokwanguka, dogo akasimama hatua mbili mbele ya simu. Mara ya kwanza mbwa wa jirani akabweka. Mara ya pili dogo akakwama ubeti wa vitumbua, sauti ikakatika, tukajifanya hatukuona. Mara ya tatu ikapita moja kwa moja. Gita lilikuwa linapiga noti tatu, linanyamaza. Dogo anasema neno lake. Gita linajibu. Mara hii 'sitakusahau' hakuirudia mara nane. Mzee alimzuia. "Ahadi hairudiwi mara nane," akamwambia, "anayerudia sana ana lake jambo." Akaisema mara mbili, mwanzo na mwisho.

Jumapili nikamsindikiza mwenyewe Mbagala, maana msuluhishi hamalizi kesi kwa simu. Hodi, karibuni. Kiredio kile kile, mkeka ule ule, majirani safari hii hatukuwaita. Mama akasikiliza. Wimbo ukaisha, hakusema kitu. Akasema, "Rudisha." Ukapigwa tena. Akamtazama mwanawe muda mrefu, akauliza, "Na ule wa kwanza ulikuwa unasema hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama. Neno kwa neno."

"Sasa wale watu wote waliokuwa wanapiga kelele walikuwa wanatafuta nini?"

Mimi nikaangalia pembeni, kuna vumbi sana Mbagala. Mwisho wa mwezi hela haikurudi. Na Jumatatu yake kondakta mmoja aliniletea kifurushi cha gazeti kina vitumbua kumi na viwili, bado vya moto kidogo. Ndiyo malipo yangu ya usuluhishi, na sijawahi kulipwa vizuri hivyo.

Msidhani dogo kautupa ule wa kushiba. Anao, na juzi tu uliingia harusini hapo Msasani, watu wakaucheza mpaka kanga zikaanguka. Sawa, ngoma ya kuchezwa ina kazi yake, na anayecheza hasikilizi silabi. Produsa naye kamwambia ule wa gita moja ni mkavu, redio hazitaupiga. Huenda kweli. Lakini dogo anajua sasa upi ni wa watu na upi ni wa mama.

Kwa hiyo vijana wangu mnaopanga foleni za studio, nina ushauri mmoja, tena wa bure. Kabla hujalipa hela ya mwisho, chukua wimbo wako, uweke kwenye kiredio kibovu kuliko vyote mtaani, umpigie mtu asiyejua maneno yake. Usimwambie kitu. Muulize tu, "Umesikia nini?" Akikutajia maneno yako, ongeza vayolini hata mia, ruksa. Akikutajia mengine, toa kimoja, umuulize tena. Endelea kutoa mpaka mama asikie.

Tukutane Jumamosi, Mungu akipenda. Na wewe uliye mbali na mama yako, mpigie simu leo. Ila zima muziki kwanza.